Kumtafuta Mayunga kwenye Nyimbo Mpya

Nani aliwahi kuona mwanamke mwenye shamba la mihogo linalomngoja, jembe kalilaza chini, yeye kapanda juu ya kichuguu anasikiliza nyimbo za ngoma? Watu wa kijiji cha Bisibo walimwona, na kwa kuwa midomo ya watu haina likizo, walisema. Walisema Joyceline amechoka kumngoja mume, sasa anajistarehesha na simu. Walisema ndivyo walivyo wasichana wa Ngara, ukimleta huku kwa Wasukuma anaharibika. Loo, watu! Wangejua alichokuwa anakitafuta mle kwenye simu, wangekaa kimya na kumpelekea maji ya kunywa.

Kichuguu kile ndipo mahali pekee mtandao uliposhika karibu na nyumbani. Ukishuka, wimbo unakwama katikati na mwimbaji anabaki kaachama kwenye kioo. Kwa hiyo Joyceline alipanda asubuhi kabla jua halijakuwa kali, akapanda tena jioni akitoka kuchota maji, na mchana akiweza kuiba nafasi, alipanda pia.

Mumewe, Mayunga, alikwenda machimboni kutafuta dhahabu, na tangu aende mvua za masika zimenyesha zikaisha, zikanyesha tena. Mwanzoni alikuwa anapiga simu, anatania, anaulizia mbuzi wake. Kisha ikawa ukimpigia unaambiwa hapatikani. Halafu akatokea jirani mmoja aliyerudi kutoka huko, akaleta habari kwamba duara, lile shimo refu wanaloingia kuchimba, limeporomoka na watu ndani, na majina yao hakuna anayeyajua, maana machimboni kila mtu anaitwa kwa jina la utani. Mayunga alikuwamo? Hajui. Hakuwamo? Hilo nalo hajui. Sasa habari ya namna hiyo ni ya nini? Si bora angenyamaza tu!

Lakini Joyceline alikuwa na jambo moja la kushikilia. Mayunga alikuwa na ugonjwa wake: alipenda kutajwa. Manju wa Kisukuma, yaani yule anayeongoza ngoma na kutunga nyimbo, hafungi wimbo bila kusalimia watu kwa majina na vijiji vyao. Huyu alimlaza nyumbani kwake, yule alimpa kuku, mwingine alimtunza pale uwanjani. Mtu akitajwa hivyo, wiki nzima anatembea kifua mbele. Na Mayunga, awe na njaa, awe ameshiba, akikutana na manju lazima atajwe. Harusini alitajwa. Mnadani alitajwa. Siku moja alitajwa hata msibani, mpaka wazee wakamgombeza.

Basi Joyceline akajiambia: mwanamume huyu kama yu hai, popote alipo kuna ngoma, na penye ngoma yeye hawezi kujizuia. Kuna wimbo mpya utakaomtaja. Kazi yangu ni kuusikia.

Ndipo alipoanza. Aliandika kwenye simu, "nyimbo mpya za Kisukuma," na simu ikamfungulia mlango wa nyumba isiyo na mwisho. Leo zinapandishwa hizi, kesho zile. Yeye ni mtoto wa kwaya, amekulia parokiani Ngara anaimba sauti ya pili, na simu yake ilikuwa ikimletea nyimbo za kanisa tu. Haikuchukua muda simu ikasahau kwaya zote. Akiifungua tu, ni ngoma, mavumbi na wanaume wanaorusha majembe juu na kuyadaka. Simu ilimgeuza Msukuma haraka kuliko ndoa ilivyoweza.

Akawajua mamanju wote bila kuwaona. Huyu husalimia mwanzoni, yule mwishoni ukishachoka, na mwingine huyazika majina chini ya ngoma mpaka uurudie wimbo mzima. Kuruka huwezi, maana jina moja hupita upesi, na ukiliruka umemruka mume. Chini ya kila wimbo aliandika, "Samahani, kuna anayemfahamu Mayunga wa Bisibo?" Wakamjibu kwa picha za moto na mioyo. Mmoja akaandika, "Asante dada kwa kutusapoti." Joyceline alilia pale pale kichuguuni kwa hasira.

Na kulikuwa na jambo lililomtesa zaidi, ambalo hakumwambia mtu. Baadhi ya nyimbo zilianza kumwingia. Alijikuta analima huku anaguna sauti ya manju fulani wa Kahama, bega linacheza lenyewe, na alipojishtukia aliona aibu mpaka akaliangusha jembe. Mume haonekani, naye anacheza! Alijiona mbaya, mbaya kweli.

Sasa, Mayunga alikuwa na kaka mkubwa anaitwa Methusela, mtu wa maneno machache na uso usiojua kucheka. Ndiye aliyeshika mji tangu baba yao afariki. Siku moja alimwita Joyceline mbele ya mama yao, Secilia, akamwambia, "Shemeji, mama halali, na chakula hakimpiti. Aliyekufa asipopewa mahali pa kulala anawasumbua walio hai. Jumamosi tunazika mgomba."

Joyceline alijua maana yake. Mtu akipotea na mwili usionekane, walikata shina la mgomba, wakalifunga sanda, wakalilia na kulizika kama mtu. Desturi hiyo familia ile, Wasukuma waliohamia Biharamulo, iliikuta huku huku ugenini ikaifanya yake. Na ubaya wake ni huu: aliyezikwa hivyo amezikwa. Hata akirudi kwa miguu yake mwenyewe, mlangoni hapiti, watoto wanamkimbia, na mama yake hampi chakula kwa mkono. Mkewe ni mjane. Na Joyceline, ambaye hakuwa amejaliwa mtoto, angebaki na mambo mawili ya kuchagua: aingie nyumbani kwa Methusela kama mke wa kurithiwa au afunge virago arudi Ngara. Watu walishasema kitambo kwamba Methusela ana lake jambo. Joyceline naye aliamini hivyo.

"Shemeji," alisema, "unamzikaje mtu ambaye hujaona hata kiatu chake?"

"Lete neno lake, basi. Lete mtu aliyemwona. Sitaki ndoto, sitaki matumaini. Neno."

"Nitalileta."

"Una mpaka Jumamosi," Methusela alisema, akaenda zake kwa ng'ombe.

Kuanzia hapo Joyceline hakulima tena. Alikaa juu ya kichuguu, bando likiisha anakopa jingine, chaji ikiisha anakimbilia kwa jirani mwenye sola, anarudi. Alisikiliza za Geita, za Shinyanga, za Mwanza, hata za vijana wanaoimba kwa kinanda cha kompyuta ambao majina ya watu hawayajui. Mfa maji haachi kutapatapa. Aliomba kwa Mama Maria, akatubu, akaomba tena, huku simu ikiwa sikioni na ngoma zinadunda katikati ya Salamu Maria.

Alhamisi, jua likielekea kuzama, ukapita wimbo uliopandishwa siku hizo hizo. Ulikuwa na picha ya manju anaitwa Malongo, kavaa manyoya kichwani, na pembeni yameandikwa maneno makubwa mekundu: WIMBO MPYA KABISA. Joyceline alikuwa amechoka kiasi kwamba alisikiliza akiwa amefumba macho. Malongo aliimba habari za mvua, akaimba habari za ng'ombe aliyepotea, kisha ngoma zikashuka na akaanza kusalimia.

"Namsalimu Mayunga wa Bisibo," aliimba Malongo. "Mayunga mume wa Joyceline, binti wa Ngara. Joyceline, mumeo anakusalimu."

Yesu na Maria! Joyceline alianguka kutoka kichuguuni. Simu ilianguka huku, yeye huku. Alitambaa akaiokota, akaurudisha wimbo, akasikia tena. Ni yeye. Mayunga wa Bisibo hawako wawili, na Joyceline binti wa Ngara hayuko mwingine. Wimbo ni mpya, umeandikwa mpya, basi mume ni mzima! Alikimbia bila viatu akipiga kelele mpaka kuku wakaruka uani.

"Mayu! Mayu!" alimwita mama mkwe kwa Kisukuma chake cha jikoni. "Yuko hai! Sikiliza!"

Wimbo alikuwa ameupakua pale pale ili usipotee. Bibi Secilia aliushika mkono wa mkamwana wake wakati wanausikiliza, na jina lilipotajwa alipiga kigelegele ambacho hakuna aliyekuwa amekisikia kwake tangu msiba wa mumewe. Alicheza, mwanamke wa umri ule, akaangua kilio huku anacheza.

Methusela alikuja kutoka zizini. Aliomba wimbo upigwe. Ulipokwisha, akasema, "Rudia." Wakarudia. "Rudia tena." Alisikiliza amesimama, ameukaza mdomo kama mtu aliyeuma pilipili mbele za wageni. Hakucheka, hakusema alhamdulillahi wala asante Mungu. Joyceline alimtazama akamchukia kabisa.

"Hufurahi, shemeji?"

"Nenda mjini," Methusela alisema. "Huyo aliyeupandisha ameweka namba na mahali alipo. Muulize Mayunga ameonekana lini na wapi. Akisema ameonekana baada ya duara kuporomoka, hakuna kuzika."

Ijumaa asubuhi Joyceline alikuwa Biharamulo mjini, vumbi la pikipiki mpaka kwenye kope. Aliyekuwa akipandisha nyimbo zile anaitwa Derick, ana kibanda karibu na stendi, anachaji simu, anaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi, na spika yake huwapigia kelele abiria na wasio abiria. Joyceline hakusalimia hata kwa adabu. Alimwonyesha simu.

"Huu wimbo umeupata lini?"

"Huo moto, dada! Mpya kabisa."

"Sikuulizi kama ni moto. Umeimbwa lini?"

Derick alimwangalia vizuri, akapunguza spika. "Ni mpya mtandaoni," alisema polepole. "Haukuwahi kupandishwa na mtu."

"Na kuimbwa?"

"Kuimbwa, sasa... Dada, mamanju wananiletea memori kadi zao, nyimbo zimejaa, za miaka na miaka. Mimi napandisha kidogo kidogo. Ukiandika wimbo wa zamani, nani atafungua?"

Joyceline alikaa chini, pale pale kwenye ngazi ya kibanda. Alimweleza yote, machimbo, duara, mgomba, Jumamosi ndiyo kesho. Derick hakuwa mtu mbaya. Alijikuna kichwa, akapiga simu kwa Malongo mwenyewe, akaweka sauti ya juu.

"Mayunga wa Bisibo?" sauti ya Malongo ilitoka nene na ya uchangamfu, ile ile ya kwenye wimbo. "Yule mwenye pengo? Namjua sana! Nilimwimba pale pale Biharamulo, siku moja kabla hajaondoka kwenda machimboni. Alisema mkewe atausikia mwenyewe mtandaoni, iwe zawadi. Nikachelewa kuupeleka, unajua mambo ni mengi."

"Tangu hapo," Joyceline alisema karibu na simu, "tangu hapo hujamwona?"

"Sijamwona tena, mama. Hivi yuko wapi siku hizi? Mkionana naye nisalimie."

Simu ikakatika. Derick alianza kusema pole, akaona pole haitoshi, akaizima spika. Angefanya nini? Joyceline alibaki kakodolea macho mabasi. Wimbo wote ule, nyimbo zote zile, na kumbe alichokipata ni salamu ya mtu aliyekuwa bado yuko nyumbani siku ile, analala kitanda kimoja naye, anaficha zawadi. Alimlilia pale stendi kwa sauti, watu wanapita, wengine wanadhani ameibiwa.

Jumamosi mgomba ulikuwa umeshakatwa, umeegemezwa ukutani, sanda nyeupe imekunjwa juu ya kiti. Joyceline alikuwa amerudi Ijumaa jioni akakataa kusema chochote, akasema atasema mbele ya watu wote. Sasa wazee wa ukoo walikuwa wamekaa, majirani wamejaa, na bibi Secilia kakaa mbele, kavaa kanga mpya, anamtazama mkamwana wake kwa macho ya mtoto anayengoja kupewa kitu. Macho yale ndiyo yaliyomponza.

"Haya, shemeji," alisema Methusela. "Umemkuta mwenye wimbo?"

"Nimeongea na Malongo mwenyewe."

"Anasemaje?"

Njiani kote Joyceline alikuwa ameandaa ukweli. Ukweli ulikuwa mfupi tu. Alifungua mdomo autoe, akaiona ile sanda, akaona wanaume wawili wameshika majembe ya kuchimbia kaburi, akaona Mayunga anarudi nyumbani anakatazwa mlango.

"Amemwona," alisema. "Amemwona mwezi jana. Kabanga, mpakani. Anapakia mizigo kwenye malori."

Kigelegele cha Secilia kilipaa. Watu walisimama, wengine walipiga makofi, mzee mmoja akasema Mungu si Athumani. Ila Joyceline alikuwa anamtazama Methusela tu, akingoja amwulize, amkabe, amwaibishe mbele ya ukoo mzima. Methusela aliitazama sanda pale kitini. Kisha akaenda ukutani, akaubeba ule mgomba begani, akautupia ng'ombe zizini.

"Mmesikia," aliwaambia watu. "Hatuziki mtu aliye hai. Nendeni mkale."

Joyceline alimfuata nyuma ya zizi.

"Asante, shemeji."

"Malongo hakukwambia hivyo," Methusela alisema bila kumwangalia.

"Si umenisikia mbele ya watu..."

"Joyceline. Siku Mayunga anaimbwa, mimi nilikuwapo. Nilimsindikiza. Nilisimama karibu na Malongo kama nilivyosimama hapa. Mayunga akaniapisha nisikwambie, ili usikie mwenyewe."

Joyceline alishika mti wa zizi. "Ulijua? Juzi mimi naruka, mama anacheza, wewe ulijua?"

"Nilijua tangu alipotaja jina lako."

"Na ukaniacha niende mjini kuchekwa na wimbo! Wewe mtu gani?"

"Nilitaka Malongo aseme nimekosea," Methusela alisema. "Labda alimwimba mara ya pili. Labda alikutana naye tena. Nikasema, aende, labda atarudi na jambo nisilolijua." Alipangusa uso kwa mkono wenye matope ya zizi. "Unadhani ni wewe peke yako unayezisikiliza? Kila jioni nikifunga ng'ombe navuka bonde mpaka kilima cha ng'ambo ambako mtandao unashika, nasikiliza mpaka bando linakwisha. Nimezisikia za Kahama, za Bariadi, za watu ambao hata ngoma hawajui kupiga. Nikisikia jina linaloanza kwa Ma, moyo unasimama. Anatajwa mtu mwingine."

Joyceline aliuachia mti wa zizi. Miezi yote alikuwa amemwona mtu huyu adui yake, mwenye tamaa na mke wa ndugu yake.

"Sasa kwa nini ulitaka kumzika?"

"Kwa sababu nilichoka kusikiliza," Methusela alisema, na hapo ndipo alipolia, mtu mzima, amewapa watu mgongo.

Huko uani walikuwa wanaimba. Joyceline alitaka kumwambia wakaseme ukweli, sasa hivi, kabla chakula hakijaiva, maana njia ya mwongo ni fupi na wao walikuwa wameshaanza kuitembea. Lakini walipokuwa bado wanafuta macho, bibi Secilia aliwatokea. Alikuwa ameshika mfuko. Ndani yake alikuwa ametia michembe, vile viazi vikavu ambavyo Mayunga hula kama karanga, na shati lililofuliwa likapigwa pasi.

"Mnafanya nini huku nyuma kama wezi?" alisema, anacheka. "Methusela, wewe ndiye kaka. Umesikia mdogo wako aliko. Utangoja mpaka ahame tena? Basi la Kabanga linapita saa hizi hapo barabarani. Nenda kamlete."

Methusela alimtazama Joyceline. Joyceline alimtazama Methusela. Mmoja wao alipaswa kusema, na kila mmoja alimngoja mwenzake, na mama alikuwa kanyoosha mkono na ule mfuko.

"Nipe, mama," alisema Methusela.

Alinawa matope, akavaa koti lake la kanisani, akatwaa mfuko. Pale uani walimpigia makofi alipopita. Joyceline alimsindikiza mpaka mwisho wa shamba la mihogo, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Utakwenda kufanya nini huko, shemeji?"

"Kuuliza malori," alisema. "Kwani nitasemaje nisipouliza?" Akaingia barabarani.

"Mwambie wimbo tumeusikia!" mama yake alimpazia sauti kutoka uani. "Mwambie mkewe ameusikia!"

Methusela aliinua mkono juu kuonyesha amesikia, lakini hakugeuka nyuma, na basi lilipofika alipanda.